Akikugeuzia mgongo, mwache aende

Wiki iliyopita mama mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, alinitumia video kwenye simu. Tembo amelala ubavu mtoni, watalii kama kumi wamemzunguka, wanamsugua kwa brashi na kummwagia maji kwa ndoo. Chini yake akaandika: "Kaka, nataka wanangu wakafanye hivi, hata nusu siku tu. Saadani wanaogesha?"

Nikamjibu kwamba katika hifadhi ya Saadani hakuna anayemwogesha tembo, nikamwomba anivumilie siku mbili nimweleze vizuri. Maelezo yamekuwa marefu kuliko ujumbe wa simu, na kwa kuwa swali hili naulizwa karibu kila mwezi, nayaweka hapa. Mimi ni muongoza watalii. Nilisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka, na kwa miaka 14 nimezunguka na wageni kati ya Pangani na Saadani.

Video ile imepigwa Thailand, na inafaa kujua tembo yule amefikaje pale. Mwaka 1989 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku ukataji wa magogo katika misitu ya asili. Kabla ya hapo tembo ndio waliokuwa wakivuta magogo, kila mmoja na mlezi wake. Kazi ilipokufa, mlezi akabaki na mnyama anayekula karibu kilo 150 za majani kwa siku, na mfukoni hana kitu. Wengi wakakimbilia kwenye utalii: kumpanda, kumchezesha, kumshikisha brashi ya rangi achore. Ili mnyama wa namna hiyo akubali kukaliwa shingoni, tangu zamani ndama hutengwa na mama yake, hufungwa na kuchomwachomwa mpaka akate tamaa. Wenyeji wanaita phajaan. Na mgongo wake haukuumbwa kubeba kiti: pingili za uti zimechomoza juu kama miiba chini ya ngozi, na kiti cha watu wawili kinakaa juu ya mifupa hiyo kutwa nzima.

Watu walipoanza kukataa kuwapanda, baadhi ya walezi walitafuta njia nyingine. Karibu na Chiang Mai, mwanamke anayeitwa Saengduean Chailert, maarufu kwa jina la Lek, alianzisha Elephant Nature Park miaka ya 1990, akaonyesha kwamba mgeni anaweza kulipa ili atazame tu. Lakini jina zuri huibwa haraka. Leo kambi nyingi zimeondoa viti, zimeweka kibao cha hifadhi, zikaleta ndoo na brashi. Tembo anayejua kuoga mwenyewe tangu utotoni anaingizwa mtoni mara nne kwa siku kwa sababu kundi jipya la wageni limeshuka kwenye basi. Alale ubavu wakati huo huo, mahali hapo hapo, katikati ya watu asiowajua: hilo halitokei bila mtu aliyesimama pembeni ambaye tembo anamwogopa. Januari 2025 msichana mwanafunzi kutoka Hispania aliuawa kusini mwa Thailand akiwa katika shughuli hiyo hiyo ya kumwogesha tembo. Sioni kwamba tembo yule alikuwa mkatili. Naona alikuwa amewekwa mahali ambapo hakuwa na njia ya kusema basi.

Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja, na nakitumia kokote: je, tembo huyu anaweza kunigeuzia mgongo akaondoka, na asiwepo mtu wa kumrudisha? Mengine yote, chakula, uzio, daktari, usafi, yanakuja nyuma ya hilo.

Kituo cha tembo yatima cha Sheldrick kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kinapita kipimo hiki, ingawa pale wanyama wanalishwa kwa chupa. Daphne Sheldrick alikianzisha mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, baada ya kuhangaika miaka mingi kutafuta maziwa yatakayomfaa ndama, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yanamdhuru. Wageni wanaruhusiwa saa moja tu, saa tano hadi saa sita mchana, nyuma ya kamba. Ndama wananyonya, wanajigaragaza kwenye tope, kisha wanarudi porini na walezi wao, wale wale wanaolala nao bandani usiku. Wakikua wanahamishiwa hifadhi ya Tsavo, huko huko Kenya, na huko kwa miaka wanajizoesha na makundi ya porini mpaka siku wanaondoka wenyewe. Wapo majike waliorudi baadaye na ndama waliowazaa porini, wakasimama mbele ya walezi wao wa zamani. Na Tsavo si mbali na sisi kama tunavyodhani: tembo wa huko huvuka mpaka kuingia Mkomazi mvua zikinyesha, na Mkomazi sehemu yake imo mkoani Tanga.

Sasa Saadani. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na ndipo nyika ya wanyama wakubwa inapoishia kwenye mchanga wa bahari. Picha za tembo akitembea ufukweni zinasambazwa sana kuwavuta watu. Katika miaka yangu 14 nimewaona ufukweni mara tatu. Namwambia kila mgeni kabla hajalipa, kwa sababu mgeni aliyeahidiwa ufukwe atamlazimisha dereva.

Nusu siku inatosha mkilala upande wa kusini wa mto Pangani, Ushongo au Mkwaja, na kuingia kwa lango la Madete asubuhi linapofunguliwa. Anayetoka Tanga mjini siku hiyo hiyo atamaliza asubuhi yake barabarani. Masika msije: ule udongo mweusi wa mbuga unakuwa kama unga wa ngano uliozidi maji, na gari likizama linazama kweli. Kuanzia Julai unakauka. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Kuwahi asubuhi si kwa ajili ya jua peke yake. Wavuvi wetu wanajua umande, ule upepo mwepesi wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini. Tembo anaona hafifu lakini pua yake haina mfano. Umande ukivuma nasi tukakaa upande wa pwani, harufu yetu inakwenda kwa samaki. Siku nyingi ikifika saa tatu au saa nne kusi linapanda, upepo unageuka, na harufu ya sabuni, dizeli na maandazi yetu inaingia porini kabla yetu. Hapo makundi yanajisogeza ndani kimya kimya, na mgeni anasema Saadani hakuna tembo.

Hata asubuhi, mara nyingi kinachoonekana kwanza ni mavi. Nawasihi wageni wasikimbilie kusonga mbele. Tukiwa na askari wa hifadhi, mahali panaporuhusiwa kushuka, tunachuchumaa. Bonge bichi lina joto katikati ukilivunja kwa kijiti, linanuka kama majani yaliyochachuka, na mende wa mavi wameshaanza kazi. Tembo anameng'enya chini ya nusu ya anachokula, kwa hiyo utaona nyuzi za magome zikiwa nzima, mbegu za mkwaju, na kokwa ngumu za mkoche kubwa kama yai la kuku. Mikoche unayoiona imetawanyika nyikani, mingi imepandwa hivyo. Kisha unyayo: wa mbele ni mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo. Kwenye vumbi laini mikunjo ya ngozi inajichora kama alama ya kidole. Pima mzingo wa unyayo wa mbele kwa kamba, zidisha mara mbili, unapata kimo chake begani kwa kukadiria. Sentimita 120 ni mnyama wa mita 2.4, pengine jike mzima. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kabisa wakiishika ile kamba mbele ya alama tupu ardhini.

Wakionekana, tunazima gari mbali, mita 50 au zaidi, na kazi yangu inakuwa kumsoma jike kiongozi. Masikio yanapepea polepole na mkia unayumba: ametulia. Mkonga ukiinuka juu na kupinda kama herufi S, anatunusa. Akianza kuning'iniza mguu mmoja wa mbele, ukienda na kurudi bila kukanyaga, au akajigusa uso kwa ncha ya mkonga kama mtu aliyepotelewa na maneno, anapima akae au aondoke, na hapo sisi ndio tunaopaswa kumrahisishia. Masikio yakifunguka yote na kichwa kikapanda, anatuonya. Wengi wanaogopa hatua ya kutujia mbio kwa kelele na vumbi, lakini mara nyingi huishia njiani. Inayotisha ni ile ya kimya: masikio yamebanwa nyuma, mkonga umekunjwa chini ya kidevu.

Haya sikuyajifunza yote darasani. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa dereva wa kampuni moja, na wageni walitaka picha ya ndama. Bosi alikuwa ameniambia asubuhi, "Sogea, hawa wamelipa." Nikasogea. Kundi lilikuwa linavuka njia, na nikaliingiza gari kati ya mama na mwanawe. Ndama alipiga yowe, sauti nyembamba kama tarumbeta iliyopasuka. Mama alikuja mbio, akasimama hatua sita kutoka mlangoni kwangu. Niliona michirizi myeusi ikishuka kutoka kwenye tezi kati ya jicho na sikio, na niliona mavi yakimtoka, maji matupu, kwa hofu. Yeye ndiye aliyekuwa anatuogopa. Nyuma yangu kamera zilikuwa zinalia. Amri ilikuwa ya bosi, lakini mkono kwenye usukani ulikuwa wangu, na siku ile mpaka leo naiona.

Na hofu yao ina historia ndefu kwenye pwani hii. Wazee wa Pangani hawasemi tembo, husema ndovu, kwa kuwa tembo kwao ni ulevi wa mnazi. Pangani, Saadani na Bagamoyo zilikuwa milango ya misafara: pembe zilishuka kutoka bara mabegani mwa watu, wengine wapagazi wa kulipwa, wengine watumwa, zikapakiwa jahazini kwenda Unguja. Majumba ya mawe mnayopiga picha Bagamoyo, sehemu ya fedha yake ni hiyo. Mwaka 1989 kulikuwa na Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na mwaka huo huo nchi za dunia zikakubaliana kuzuia biashara ya pembe. Hata hivyo hesabu ya tembo wa Tanzania ilianguka tena, kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Jike mwenye miaka 50 leo amepita katika yote hayo tangu miaka ya 1970. Yeye ndiye anayeamua kundi lisimame au likimbie anaposikia injini. Mgeni anaponiambia tembo wa Saadani ni waoga, namwambia wana kumbukumbu.

Kuna jambo jingine sipendi mgeni aondoke bila kulisikia. Njia ya kurudi Mkwaja inapita karibu na mashamba. Mwaka juzi nilisimama na mzee mmoja kwenye ekari yake ya mahindi, nikamwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akanionyesha kwa fimbo, bila maneno, mabua yaliyolala chini yote, usiku mmoja. Sheria inatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa, lakini huchelewa, na majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Zipo mbinu zinazosaidia, kama uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Kenya: mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya nyuki wanatoka, naye anawaogopa kwelikweli kwa sababu wanamuuma ndani ya mkonga na pembeni mwa macho. Mkulima anabaki na mahindi na asali. Kwa hiyo ninapopanga nusu siku, tunakula chakula cha mchana kijijini, kwa mama anayepika samaki wa nazi, na asali na mikeka tunanunua pale pale. Tembo akishatoka ndani ya mpaka wa hifadhi usiku, uhai wake uko mikononi mwa watu hawa.

Mama wa Chumbageni nilimpigia jana, nikamsomea sehemu ya haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wasipotokea kabisa, watoto nitawaambia nini?" Nikamwambia tutachuchumaa kwenye nyayo. Wanakuja Julai, yeye na wanawe watatu. Nimemwomba kila mtoto aje na kamba yake ya mita mbili.