Usukani Unaoelea Kwenye Sedani ya Kifahari: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Gari liko kwenye barabara kuu iliyonyooka, mwendo kilomita 100 kwa saa, na dereva hana raha. Anausogeza usukani kidogo kulia, gari halijibu. Anaongeza, mara linajibu kuliko alivyotaka, anarudisha kushoto. Hivyo hivyo safari nzima. Gari lililobuniwa ili mtu aendeshe kutwa na kushuka akiwa hajachoka, linamshusha mabega yakimuuma.

Nimeziendesha na kuzitengeneza sedani za namna hii kwa miaka mingi. Kinachonihuzunisha ni kumwona mtu akiuza gari zuri, au akibadilisha kifaa cha gharama ambacho hakikuwa kibovu, kwa sababu ya maneno yaliyopita gereji hadi gereji mpaka yakaheshimiwa kama elimu. Ulegevu wa usukani mara nyingi haukai mahali pamoja. Ni nusu milimita hapa, mpira uliochoka pale, tairi lililozeeka kule, na vyote vinajumlishwa mkononi mwa dereva.

"Magari haya ni laini, lazima usukani uelee"

Hapana. Jaguar XJ6 ilipotoka mwaka 1968 ilisifiwa kwa kushika barabara na kwa kumbeba abiria kwa upole, yote mawili ndani ya gari moja. Citroën SM ya mwaka 1970 ilikuwa na usukani mwepesi sana, lakini ulizunguka mara mbili tu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, na injini ikiwa inanguruma ulijirudisha wenyewe katikati hata gari likiwa limesimama. Wepesi si ulegevu. Pawa steringi inauongezea mkono nguvu. Haizai nafasi kati ya mkono na gurudumu. Pampu yake ikichoka, usukani unakuwa mzito au unavuma ukikata kona. Anayebadilisha pampu kwa sababu gari linatangatanga anatafuta mahali pasipo.

Ulaini uliokusudiwa una mwelekeo wake. Bushi (kipande cha mpira kwenye maungio) ya kontroli amu, yaani mkono unaoshika gurudumu, kwenye gari la kifahari mara nyingi huundwa iwe laini kwa mbele na nyuma ili imeze kishindo cha shimo, na iwe ngumu kwa kushoto na kulia ili ishike gurudumu. Nyingine zina mafuta ndani ya mpira. Mpira ukipasuka na mafuta yakatoka, ulaini unabaki lakini mwelekeo umepotea, na gurudumu linakwenda linakotaka. Ukiona doa la mafuta limetiririka kwenye bushi ya mbele, na usukani unatetemeka ukikanyaga breki kwenye kilomita 80 au 100 kwa saa, iangalie bushi hiyo kabla hujanunua diski mpya za breki.

"Kaza skrubu ya steringi boksi, plei itaisha"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu skrubu hii imeharibu magari mengi. Plei ni nafasi tupu unayoihisi kwenye usukani kabla gurudumu halijaitika.

Sedani nyingi kubwa za zamani hazina reki, yaani fito yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na usukani. Zina steringi boksi. Matoleo ya Mercedes-Benz yaitwayo W124 na W126 yako hivyo, BMW E38 vilevile. BMW E39 imegawanyika: zenye injini ya silinda 6 zina reki, zenye V8 (silinda 8) zina boksi. Ndani ya boksi kuna shafti yenye mfereji wa mzunguko kama skrubu, juu yake nati inayotembea kwa gololi, na nati hiyo inasukuma shafti nyingine yenye meno. Skrubu unayoiona juu ya boksi kazi yake ni kuisogeza shafti ya meno karibu na nati. Watengenezaji huyafanya meno yabanane zaidi pale katikati, kwa kuwa ndipo usukani unapokaa karibu muda wote gari likienda moja kwa moja. Kwa sababu hiyohiyo, katikati ndipo panapolika kwanza.

Sasa mtu akikaza skrubu mpaka plei ya katikati iishe, meno ya pembeni ambayo hayajalika yanabanwa kupita kiasi. Ukitoka kwenye kona, usukani haurudi. Unabaki ulipouacha mpaka uurudishe kwa mkono. Kwenye barabara iliyonyooka unanata, kila unaposahihisha unapitiliza, na gari linatangatanga kuliko mwanzo. Boksi nalo linalika haraka.

Sedani yangu ya pili niliipata ikiwa na ugonjwa huo. Kuzungushwa kwa skrubu kulionekana wazi, nati yake ya kufungia ilikuwa imekwaruzwa na spana. Niliilegeza nikairudisha taratibu mpaka usukani ukaanza kurudi wenyewe baada ya kona. Plei ikarejea yote, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Gari liliwekwa juu ya shimo la gereji, magurudumu yamekanyaga chini, kabari mbele na nyuma ya tairi, injini inanguruma. Mwenzangu alikaa ndani akawa anauchezesha usukani kushoto na kulia kwa upana wa vidole viwili tu, bila kuacha. Mimi chini nikashika kiungo kimoja kimoja, kidole gumba upande mmoja, kidole cha shahada upande wa pili, ili vidole vikae juu ya sehemu zote mbili zinazokutana. Jicho linadanganyika haraka. Kidole kinahisi hata msogeo wa nusu milimita. Nilianza na kaplingi ya mpira chini ya shafti ya usukani, nzima. Boksi halikutikisika kwenye chasi. Tairodi endi ya kushoto, kiungo cha ncha ya fito inayogeuza gurudumu, ilikuwa na plei kidogo. Nilipofika kwenye aidla amu, ule mkono wa upande wa pili unaobeba fito za usukani, niliuhisi ukipanda na kushuka kama unene wa penseli kabla gurudumu la upande wake halijaanza kugeuka. Bushi yake ilikuwa imebaki unga mweusi. Bushi hiyo na tairodi moja ndivyo vilivyobadilishwa. Skrubu ya boksi sikuigusa tena.

Simaanishi kwamba boksi haliharibiki. Linaharibika, na marekebisho yake yapo, lakini hufanywa mwisho, baada ya kila kiungo kuthibitishwa, fito zikiwa zimefunguliwa na ubanaji ukipimwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kwa magari yenye reki utafutaji ni uleule, ila tazama zaidi reki endi, viungo vya ncha za reki vilivyojificha ndani ya mipira, na bushi zinazoshika reki yenyewe. Bushi hizo zikifa, reki nzima inateleza kando kabla ya magurudumu kugeuka, na dereva anaapa kwamba reki imekufa wakati ni mipira miwili tu.

"Peleka alaimenti, itanyooka"

Alaimenti inapima mahali gurudumu lilipo wakati gari limetulia. Kama bushi imekufa, gurudumu litakuwa mahali pengine mara tu gari litakapoanza kwenda, na pengine tena ukikanyaga breki. Utapewa karatasi yenye namba nzuri na usukani uleule. Vipuri vilivyochoka hubadilishwa kwanza, vipimo hufuata.

Vikishabadilishwa, hapo alaimenti ni lazima, na vipimo viwili vinagusa moja kwa moja hisia ya usukani. Cha kwanza ni jinsi magurudumu ya mbele yanavyotazamana. Yakitazama nje, gari linafuata kila mfereji wa lami kama linatafuta kitu. Cha pili ni kasta, yaani kulala nyuma kidogo kwa ncha ya juu ya mhimili ambao gurudumu linageukia. Kasta ndiyo inayolirudisha gurudumu katikati, sawa na kigurudumu cha kiti cha ofisini kinavyojipanga chenyewe nyuma ya mwendo ukikisukuma kiti. Kasta ikipungua, usukani unakuwa mwepesi na hauna pa kutulia.

Kuna watengenezaji ambao vipimo vyao vinataka gari libebeshwe uzito kwanza. Kwa BMW E39, kwa mfano, ni kilo 68 kwenye kila kiti cha mbele, kilo 68 katikati ya kiti cha nyuma, kilo 21 kwenye buti, na tangi likiwa limejaa. Namba za gari tupu zikilinganishwa na kipimo cha gari lenye mzigo, fundi anarekebisha kilichokuwa sawa. Na kwenye magari ya sasa yenye usukani wa umeme na mfumo wa kuzuia kuteleza, kihisi cha pembe ya usukani mara nyingi hutakiwa kuwekwa upya baada ya alaimenti, la sivyo kompyuta inaamini kuwa unakata kona wakati umenyoosha.

Jambo moja la ufungaji naomba lisisahaulike, maana limeua bushi mpya nyingi. Mpira wa bushi nyingi umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajipinda. Bolti ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, mpira unajipinda mara gari linaposhushwa, na unabaki umepindika saa zote mpaka uchanike. Shusha gari kwenye magurudumu yake, au inua saspensheni ifike kimo chake cha kawaida, ndipo ukaze kwa mara ya mwisho. Nimeona bushi bora zikilaumiwa kuwa bandia kwa kosa hili tu.

"Matairi bado yana meno, hayahusiki"

Mimi naanza hapo kila mara. Tairi ndilo kiungo cha mwisho kati ya usukani na barabara, na ndicho laini kuliko vyote. Chukua saizi 225/55 R16: ukuta wa tairi ni asilimia 55 ya milimita 225, karibu milimita 124 za mpira unaojikunja kabla gari halijageuka. Upepo ukipungua, kujikunja kunazidi. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au kifuniko cha tangi. Namba iliyoandikwa kwenye tairi ni ya juu kabisa ambayo tairi linavumilia, si ya kujazia.

Angalia pia umri. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokauka hauna habari za kumpa dereva hata kama meno ni marefu. Na gari likivuta upande mmoja, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, mradi si yale yenye mshale wa mwelekeo. Uvutaji ukihamia upande wa pili, umempata mkosaji bila kufungua nati nyingine.

Rimu kubwa zenye tairi jembamba hufanya gari lijibu haraka mwanzoni, hilo ni kweli. Lakini 245/40 R18 ina ukuta wa milimita 98, na zile milimita 26 zilizopungua ndizo zilizokuwa zikipokea vishindo. Sasa vinapokelewa na bolijointi (viungo vyenye kichwa cha mviringo) na bushi zilezile zilizochoka.

"Weka springi fupi na bushi ngumu"

Springi fupi hubadilisha pembe za mikono na tairodi. Zikiacha kwenda sambamba, gurudumu linajigeuza lenyewe kila linapopanda tuta. Bushi za polyurethane, yaani plastiki ngumu kuliko mpira, zinafaa mahali ambapo mkono unazunguka kwa mhimili mmoja. Penye mikono inayojipinda pande nyingi, kama ilivyo kwa sedani nyingi za kifahari, zinabana na kupiga kelele. Shokapu mpya zenye nguvu ya kiwandani zitakupa zaidi, kwa sababu shokapu iliyokufa inaliacha tairi lidundedunde, na tairi lililo hewani haliongozwi na usukani wowote.

"Usukani uko mbele, shida iko mbele"

Ukiachia mafuta katikati ya kona ndefu na ukahisi gari linasogea kando kama lina mawazo yake, kisha ukikanyaga linasogea tena upande wa pili, nenda nyuma. Saspensheni ya nyuma ya viungo vitano ambayo Mercedes-Benz iliianzisha kwenye 190 mwaka 1982 na kuiendeleza kwenye W124, inashika kila gurudumu kwa fito tano, na kila fito ina mpira mwisho wake. Mipira hiyo ikilegea, magurudumu ya nyuma yanageuka kidogo bila ruhusa. Dereva anasahihisha kwa usukani, na usukani ndio unaobeba lawama.

Ingiza mtaimbo kati ya fito na fremu ndogo ya nyuma, gari likiwa limekaa kwenye magurudumu, ubonyeze polepole. Mpira mzima unarudi kwa nguvu. Uliokufa unaachia, na mara nyingine utauona mpasuko ukifunguka kama mdomo kuzunguka chuma cha katikati. Ukiomba alaimenti baada ya kuibadilisha, omba ya magurudumu yote manne, na fundi aanze na ya nyuma. Ya mbele hunyooshwa kwa kufuata mstari ambao yale ya nyuma yanalisukumia gari.