Konstantino aliongoka kweli? Anza na tarehe

Mjadala wa kama Konstantino, kaizari wa Roma wa karne ya nne, aliingia Ukristo kwa dhati huharibika pale ushahidi wote unapotiwa chungu kimoja: sarafu ya 316, sheria ya 321 ya kupumzika Jumapili, ubatizo wa 337. Ukishakoroga, utapata Konstantino yeyote umtakaye, mtakatifu au mnafiki.

Chukua ile njozi anayosemekana kuiona kabla ya vita. Lactantius, mwandishi Mkristo aliyeandika miaka michache tu baada ya vita vya Daraja la Milvio, karibu na Roma (28 Oktoba 312), anataja ndoto ya usiku na alama iliyochorwa kwenye ngao. Msalaba wa nuru angani, mchana kweupe, tunaukuta kwa askofu Eusebius, katika kitabu alichokiandika kaizari akiwa ameshakufa. Historia yake ya Kanisa, iliyotangulia, haina habari hiyo. Shahidi wa namna hii simtegemei.

Sarafu nazo zinavuta kotekote. Jua Lisiloshindwa, mungu wa Warumi, liliendelea kuitwa mwenzi wa kaizari miaka kadhaa baada ya vita. Lakini itazame medali ya fedha ya Ticinum, Pavia ya leo, ya mwaka 315: kwenye kishungi cha kofia ya chuma aliyovaa kaizari kuna kiduara chenye chi na ro, herufi mbili za kwanza za Kristo kwa Kigiriki. Ni kadogo, usipokatafuta hukaoni.

Mimi naangalia pesa. Katika miezi iliyofuata ushindi, Konstantino aliamuru Caecilianus, askofu wa Carthage, Afrika Kaskazini, apewe folles (sarafu za Kirumi) 3,000 za kugawia makasisi, na akamwandikia liwali Anulinus awaondolee makasisi wa upande huohuo utumishi wa lazima wa serikali. Kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika, naye akachagua upande. Asiyejali dini hajiingizi kwenye ugomvi wa maaskofu. Barua hizo pia zinaangusha dai la Zosimus, mwanahistoria mpagani wa baadaye, kwamba aliongoka kwa majuto ya kumuua mwanawe Crispus: mauaji hayo ni ya 326.

Kubatizwa akiwa kitandani karibu na kufa hakuthibitishi lolote. Ubatizo uliosha dhambi mara moja tu, na wenye madaraka ya kuua wengi waliuahirisha.

Kinachobaki kigumu ni Hispellum, Italia. Miaka yake ya mwisho aliuruhusu mji huo ujenge hekalu la ukoo wake, jambo la kipagani, ila kwa sharti moja: lisitiwe najisi na ulaghai wa ushirikina unaoambukiza. Wengi wetu tunasoma hapo marufuku ya kafara. Michezo ya jukwaani na mapigano ya wapiganaji wa ulingoni aliyaacha yaendelee.