Je, wajua? Yeremia aliiandika Babeli kwa fumbo, kisha akaitaja waziwazi

Riwaya za siri za dini zina desturi zake. Msomi mzee anakutwa amekufa ndani ya maktaba ya kanisa, mkononi ana kikaratasi chenye maneno yasiyosomeka, na kabla hujafika sura ya tatu wameshatokea watu wenye bastola wanaokitaka. Sura ni fupifupi, kila moja inakatika pale uhondo unapoanza, nawe unajikuta saa nane usiku bado unafunua kurasa. Mahali fulani katikati, mhusika mwenye miwani hutaja neno Atbashi.

Atbashi, yaani fumbo la kubadilishana herufi za alfabeti, haikubuniwa na waandishi wa riwaya. Imo ndani ya Biblia, na hata katika tafsiri ya Kiswahili unaweza kuiwekea kidole. Fungua Yeremia sura ya 25. Nabii anapewa kikombe cha mvinyo wa ghadhabu awanyweshe wafalme: wa Misri, wa Edomu, wa Moabu, wa Tiro, wa Sidoni na wengine wengi, mpaka mstari wa 26, ambako wa mwisho kunywa ni mfalme wa Sheshaki. Ukiitafuta Sheshaki kwenye ramani hutaiona. Ni Babeli, iliyogeuzwa herufi.

Kwa nini aligeuze jina hilo? Jibu linalomjia kila mtu haraka ni woga. Babeli ndiyo iliyokuwa dola kubwa ya wakati ule, na jeshi la Nebukadreza ndilo lililouangamiza Yerusalemu mwaka 587 au 586 K.K. Mtu akiwa na adui wa namna hiyo getini, hataji jina lake ovyo. Jibu hili ni kongwe mno. Mtakatifu Yeronimo, yule padre aliyefanya kazi yake ya kutafsiri Biblia kwa Kilatini huko Bethlehemu, alilitoa katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Yeremia mwanzoni mwa karne ya 5. Nabii, alisema, alikuwa mwenye busara, hakutaka kuwachokoza waliouzingira mji.

Tatizo ni kwamba kitabu chenyewe kinalikataa jibu hilo. Katika sura hiyohiyo ya 25, mstari wa 12, mfalme wa Babeli anatajwa kwa jina na kuahidiwa adhabu baada ya miaka 70. Sura za 50 na 51 zinailaani Babeli kwa jina tena na tena. Mwisho wa sura ya 51, Yeremia anampa Seraya mwana wa Neria kitabu chenye mabaya yote yatakayoipata Babeli, anamwagiza akakisome huko Babeli kwenyewe, kisha akifunge jiwe na kukitupa katikati ya mto Frati. Huyo si mtu anayenong'ona. Na kinachomaliza ubishi ni 51:41. Mstari mmoja huohuo unaomboleza jinsi Sheshaki ilivyotwaliwa, na kabla haujaisha unaitaja Babeli iliyokuwa ukiwa. Fumbo na jibu lake vimewekwa bega kwa bega. Jasusi akiandika hivyo anafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Sasa tuone fumbo lenyewe linavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye utamu. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Ya kwanza, alef, unaibadilisha na ya mwisho, tav. Ya pili, bet, na ya pili kutoka mwisho, shin. Unaendelea hivyo mpaka upate jozi 11. Herufi nne za jozi mbili za kwanza ndizo zilizolipa fumbo jina lake. Babeli kwa Kiebrania huandikwa b-b-l. Kila b inakuwa sh, na l inakuwa k (ambayo mwisho wa neno hutamkwa kama kh): sh-sh-k. Tia irabu, umepata Sheshaki.

Jaribu kwa Kiswahili, uone ugumu unapojitokeza. Tuna herufi 24, ukihesabu ch kuwa moja. Basi a inakuwa z, b inakuwa y, na kadhalika, hadi katikati ambako l na m zinabadilishana. Lamu inageuka kuwa Mzle. Ulimi unakataa. Kiebrania cha kale hakikupata shida hii kwa kuwa kiliandika konsonanti, na irabu aliziweka msomaji mwenyewe. Tufanye nasi hivyo: toa irabu, Lamu ibaki l-m, igeuze, upate m-l. Sasa rudisha irabu unazozitaka. Mola! Mji wa misikiti ya kale, na ndani ya jina lake limefichwa jina la Mwenyezi; mwandishi wa riwaya angepata kurasa 400 hapo. Bahati mbaya, m-l ni mali pia, na mila, na mlo. Na lami ya barabarani nayo inatoa Mola.

Uhuru huo wa irabu ndio unaolifanya fumbo litamkike, na ndio huohuo unaomwezesha mtu kuona mafumbo mahali ambapo hayapo. Basi tunajuaje kwamba Sheshaki si bahati nasibu kama lami? Kwa sababu ya neno la pili. Yeremia 51:1 inawataja wakaao Leb-kamai, mahali pengine pasipokuwepo. Geuza herufi zake tano za Kiebrania, l-b-q-m-y (q ni k ya pili ya Kiebrania), kwa kanuni ileile na zinatoka k-s-d-y-m (s na sh huandikwa kwa herufi moja), Kasdim, yaani Wakaldayo, wenyeji wa Babeli, bila kuchagua wala kurekebisha herufi hata moja. Zaidi ya hapo, Leb-kamai ina maana yake: moyo wa wale wanaoniinukia. Aliyeiona bahati hiyo kwa mara ya kwanza bila shaka alitabasamu.

Pengine tabasamu hilo ndilo sababu yenyewe. Pwani yetu ina kinyume, mchezo wa kuleta silabi ya mwisho mbele, nyumba ikawa mbanyu. Mtu anaweza kuutumia kumficha mgeni jambo, lakini aghalabu mzungumzaji anaonyesha ufundi wake kwa watu wanaomwelewa vizuri kabisa. Yeronimo mwenyewe, katika ufafanuzi uleule, anaeleza kwamba watoto waliojifunza alfabeti ya Kigiriki walizoezwa kuisema kwa jozi za kwanza na mwisho, alfa na omega, beta na psi, ili ikae kichwani. Kama waandishi wa Yerusalemu nao walifunzwa hivyo utotoni, Atbashi ilikuwa zoezi la shule lililogeuzwa kuwa kejeli. Hapa ushahidi ni mwembamba. Maneno mawili katika kitabu kimoja si mengi.

Hata mkono ulioyaandika una utata. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Yeremia ni fupi kuliko Kiebrania tulichonacho, na ndani yake Sheshaki haimo kabisa. Penye Leb-kamai pameandikwa Wakaldayo tu. Vipande vya Kiebrania kutoka mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, vinaonyesha kwamba toleo hilo fupi halikuwa uzembe wa mtafsiri. Huenda basi mafumbo haya yaliongezwa na mwandishi wa baadaye, wakati Babeli haikuwa tena ya kuogopwa.

Linganisha na Atbashi inayopendwa na riwaya. Watempla, watawa wapiganaji waliokamatwa Ufaransa mwaka 1307, walishtakiwa kwamba waliabudu kitu kiitwacho Baphomet. Msomi Mwingereza Hugh Schonfield aliligeuza neno hilo kwa Atbashi akapata Sophia, hekima kwa Kigiriki. Inasisimua. Lakini wanahistoria wengi huona Baphomet ni jina la Mtume Muhammad lililoharibiwa katika Kifaransa cha kale, na hesabu yenyewe inategemea tahajia. Kiebrania kina t mbili, na maneno ya kigeni kwa kawaida huandikwa kwa tet, si kwa tav aliyoichagua Schonfield. Ukiweka tet, herufi ya mwisho inakuwa n, na hekima yote inageuka Sofini, ambaye bado hajaandikiwa riwaya.