Dawa ya asili ni dawa, itaje unapoulizwa

"Ya asili haina madhara. Haina kemikali, ni majani na mizizi, isipokusaidia haitakudhuru." Maneno haya nimeyavumilia vya kutosha. Nayasikia kwa wagonjwa, kwa ndugu zao, hata kwa watu wa afya. Mimi ni mfamasia, na sina ugomvi wowote na mitishamba. Ugomvi wangu ni na maneno hayo, kwa sababu yanaishushia hadhi mitishamba yenyewe. Mmea unaoshusha presha au kutuliza maumivu unafanya kazi mwilini, na chochote kinachofanya kazi mwilini kina kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru. Huwezi kuusifia mmea kwamba una nguvu ya kuponya, kisha ukasema hauna nguvu ya kumdhuru mtu.

Habari ya kemikali naipitia haraka. Kila jani ni kemikali. Kwinini ilitolewa kwenye magome ya mti wa sinkona mwaka 1820. Morfini inatoka kwenye utomvu wa mpopi. Aspirini ya mwaka 1897 ina undugu wa karibu na salisini ya magome ya mti wa willow. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering aliandika kitabu kizima kuhusu mmea wa Digitalis purpurea, na mwanzo wake ulikuwa mchanganyiko wa siri wa bibi mmoja mganga, wenye mimea 20 au zaidi. Withering akatambua ni mmea upi kati ya hiyo uliokuwa unafanya kazi. Akaandika pia madhara yake bila kuficha: kutapika, mapigo ya moyo kushuka, mgonjwa kuona vitu kwa rangi ya kijani na njano. Digoksini tunayotoa leo kwa wagonjwa wa moyo ni ya ukoo huohuo, na tofauti kati ya kipimo chake kinachotibu na kinachoua bado ni ndogo. Asili haikuifanya iwe salama, na kiwanda hakikuifanya iwe hatari. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua kila kidonge kina mikrogramu ngapi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kweli.

Mgonjwa anafika dirishani kuchukua dawa. Namuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" "Hapana, mwanangu, ni hizi tu." Anafungua mkoba kutia pakiti zake, na ndani naona chupa ya plastiki iliyojaa maji ya rangi ya kahawia iliyokolea, mashapo yametuama chini, kizibo kimezungushiwa nailoni isivuje. Haina karatasi, haina jina. "Na hii, mama?" "Aa, hiyo si dawa, ni ya asili." Hakunidanganya. Nilimuuliza kuhusu dawa, na yeye amefundishwa kwamba hicho anachokunywa kila asubuhi na jioni hakihesabiki kuwa dawa. Imani kwamba mitishamba haina madhara inaumiza zaidi hapa kuliko kwenye kinywaji chenyewe: inamfanya mtu asitaje.

Kwa nini kutaja kuna uzito? Kwa sababu ini halina mlango wa mitishamba na mlango mwingine wa vidonge. Vyote vinapita kwa vimeng'enya vilevile, yaani protini za mwili zinazovunja dawa, na kimoja kiitwacho CYP3A4 kinashughulikia karibu nusu ya dawa tunazozitumia. Mmea ukikichochea, dawa nyingine inavunjwa haraka na kuisha kabla ya kufanya kazi. Ukikizuia, dawa nyingine inalundikana.

Mfano ninaourudia ni Hypericum perforatum, mmea wa maua ya njano unaotumika sana Ulaya kwa huzuni na sonona. Kwa sonona isiyo kali una ushahidi wa kuheshimika, tena mzuri kuliko wa mimea mingi, na sipendi kuona watu wakiupuuza. Lakini ni mchochezi mkubwa wa CYP3A4. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima wenye afya indinavir, dawa ya VVU, kisha wakaongeza Hypericum. Kiasi cha indinavir kwenye damu kilishuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka huohuo madaktari wa Zurich walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa. Walikuwa wameanza kutumia Hypericum, na siklosporini iliyokuwa ikiulinda moyo mpya ikashuka chini ya kiwango. Mmea huo unadhoofisha pia vidonge vya uzazi wa mpango na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa mmea usiomletea hata kichefuchefu, akajisikia vizuri kabisa, huku dawa inayomweka hai inatolewa mwilini kimyakimya. Atasema mmea haukumdhuru, na hatakosea kwa kile anachokihisi.

Kuzuia kimeng'enya nako kuna historia yake. Watafiti wa Kanada walikuwa wanachunguza pombe inavyoathiri felodipini, dawa ya presha, wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe. Felodipini kwenye damu ikapanda mara kadhaa kuliko ilivyotarajiwa, na ikaja kubainika kwamba chanzo hakikuwa pombe, bali balungi. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1989. Glasi moja inatosha, na athari yake kwa kimeng'enya hicho, kilichopo pia kwenye ukuta wa utumbo, inaweza kuvuka saa 24, hivyo kunywa juisi asubuhi na dawa jioni hakukuokoi. Balungi si hata mtishamba, ni tunda la mezani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vyetu vinalifunika. Majedwali ya mwingiliano kati ya mitishamba na dawa hayana uzito sawa mstari kwa mstari. Mistari mingi imetokana na majaribio ya kwenye vioo vya maabara, au na kisa kimoja cha mgonjwa mmoja, kisha ikanakiliwa kutoka jedwali hadi jedwali mpaka ikaonekana kama sheria. Chukua tangawizi na warfarini. Karibu kila orodha inaonya, lakini watafiti walipowapa tangawizi watu wenye afya waliojitolea, warfarini haikubadilika kwa kiasi cha kutia hofu. Ginkgo ilipojaribiwa kwa njia hiyohiyo, matokeo yalikuwa hayohayo. Mimi naendelea kumwambia mgonjwa wa warfarini asitumie vidonge vikali vya mimea hiyo bila kupimwa, ila simtishi kwa kikombe cha tangawizi. Tukipiga kelele sawa kwa tangawizi na kwa Hypericum, mgonjwa atajaribu tangawizi, ataona hakuna kilichomtokea, na siku tutakapomwonya kuhusu Hypericum hatatusikiliza.

Jibu ninalopewa mara kwa mara nikifika hapa ni kwamba wazee walitumia miaka na miaka na hawakudhurika. Hoja hii naiheshimu, maana ina ukweli ndani yake, na wenzangu wengi wanaitupa haraka mno. Mapokeo ni mwalimu mzuri sana wa madhara ya haraka. Mmea unaoua ndani ya saa mbili unajulikana kijijini kote baada ya msiba wa kwanza. Unaoharisha, unaotoa mimba, unaovimbisha midomo, yote hayo wazee waliyajua na kuyapa miiko. Kasoro iko kwenye madhara ya polepole. Kama mmea unaharibu figo kidogo kidogo kwa miaka, au unazaa saratani miaka mingi baada ya mtu kuacha kuutumia, hakuna mganga duniani, hata awe hodari vipi, atakayeunganisha kikombe cha wakati ule na kaburi la leo kwa macho matupu.

Ushahidi mchungu wa hili ni mimea ya jamii ya Aristolochia. Imetumika kama dawa tangu enzi za Wagiriki wa kale, hasa kwa wazazi, na China vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza uzito nchini Ubelgiji iliongeza mimea ya Kichina kwenye vidonge vyake. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra, lakini kilichofika kilikuwa Aristolochia fangchi, ambayo jina lake la Kichina linakaribiana na la ule wa kwanza. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo. Wengi wao hawakuwa wazee, na hawakuwa na ugonjwa wowote wa figo kabla ya hapo. Miaka michache baadaye, wagonjwa 39 ambao figo zao zilikuwa zimekufa walikubali kuondolewa figo na mirija ya mkojo kama tahadhari. 18 kati yao walikutwa tayari na saratani ya njia ya mkojo. Asidi ya aristolokia inajibandika kwenye DNA na kuacha alama yake humo. Ugonjwa wa figo uliokuwa ukivitesa vijiji vya bonde la Danube kwenye nchi za Balkani kwa miongo mingi ukaja kuhusishwa na asidi hiyohiyo, kutoka mbegu za Aristolochia zilizochanganyika na ngano ya mkate. Watu hao waliishi na mmea huo mashambani mwao vizazi na vizazi, na hawakuuona.

Basi nikiulizwa kama karne za matumizi ni ushahidi, nasema ndiyo, ni ushahidi kwamba hautakuua kesho. Kuhusu mwaka wa kumi, hazisemi kitu.

Na hata ushahidi huo unahusu matumizi yaleyale ya wazee. Wao walitafuna kipande, walichemsha majani, waliweka manjano kwenye chungu. Kidonge cha manjano kilichokolezwa na kuongezewa kiini cha pilipili manga ili kiingie kwenye damu kwa wingi ni kitu kingine kabisa, na sasa zipo ripoti za watu walioumia ini kwa vidonge vya aina hiyo. Chai ya kijani ina historia ndefu ya usalama. Vidonge vya kiini chake kilichokolezwa vina orodha yake ya maini yaliyoharibika. Ukibadilisha namna ya kuandaa, umebadilisha dawa. Wachina wa kale walilijua hili vizuri: maandishi ya karne ya 4 yaliyomsaidia mwanasayansi wa China Tu Youyou kuipata artemisinini, dawa ya malaria, mwaka 1972 yalielekeza mmea wa Artemisia ulowekwe majini na kukamuliwa, hayakusema uchemshwe, naye akagundua kwamba joto kali lilikuwa linaharibu kiini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya Artemisia. Kiasi cha artemisinini hubadilika kutoka mmea hadi mmea na birika hadi birika, na kipimo pungufu kinaweza kuwafunza vimelea usugu.

Sijagusa vidonge vya "asili" vinavyotiwa dawa za viwandani kwa siri. Vipo. Sildenafili imekutwa kwenye dawa za nguvu za kiume, sibutramini kwenye za kupunguza mwili, deksamethasoni kwenye za maumivu ya viungo. Dawa ya mizizi inayoondoa maumivu ya miaka mitano kwa siku mbili ichunguzwe kwanza.

Na kusafisha sumu mwilini? Figo zinachuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, na ini halilali. Wanaokunywa sanamaki au shubiri kila siku kwa jina la usafi hawatoi sumu, wanatoa maji na potasiamu. Sanamaki ni dawa nzuri ya kukosa choo kwa siku chache, na naitoa bila wasiwasi. Lakini potasiamu ikishuka kwa mtu anayetumia digoksini, moyo unaweza kuvurugika kwa kipimo kilekile alichokizoea. Mzizi mtamu wa Glycyrrhiza nao unashusha potasiamu, tena unapandisha presha.

Yapo ninayoyapendekeza kwa moyo mweupe. Tangawizi kwa kichefuchefu cha ujauzito, isizidi gramu moja ya unga kwa siku. Asali kwa kikohozi cha mtoto, na hapa nasisitiza: mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Chini ya hapo asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzidhibiti, hata asali iwe safi kiasi gani.

Jambo la mwisho ni lile linalosahaulika hata na sisi tunaotoa dawa. Mgonjwa akishataja mtishamba wake, jibu la haraka ni "acha." Ngoja kidogo. Chukua anayetumia warfarini pamoja na Hypericum kwa miezi. Daktari aliona damu inaganda upesi, akapandisha warfarini bila kujua sababu, na sasa vipimo viko sawa. Akiacha mmea leo, vimeng'enya vya ini vinarudi polepole kwenye hali yake kwa wiki mbili hivi, na ile warfarini iliyopandishwa inageuka kuwa nyingi mno. Damu inaweza kuvuja tumboni au kwenye ubongo wa mtu aliyetii tu ushauri. Mgonjwa wa namna hiyo asiache kimya kimya wala asiachishwe kwa neno moja dirishani: daktari wake ajue, INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ipimwe ndani ya wiki hiyo, ipimwe tena wiki inayofuata, na warfarini ishushwe kadiri vipimo vinavyoonyesha, hata kama anajisikia mzima.