Asilimia ya kufaulu haisomwi peke yake: maelezo kwa wazazi wa shule za msingi za Lubumbashi

Kila mara matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Mwisho wa Masomo ya Msingi, yaani ENAFEP, yanapotangazwa, malalamiko huongezeka katika ofisi za elimu za mji wetu, na karibu yote yana sura moja. Mzazi wa Katuba au wa Ruashi amesikia kwamba shule ya serikali anayosoma mtoto wake imepata asilimia ndogo kuliko shule ya jirani, naye anaomba mtoto ahamishwe, au mkurugenzi aondolewe, au yote mawili. Uchungu wa mzazi tunauelewa. Ila maombi mengi ya namna hiyo yamesimama juu ya namba moja tu, iliyochomolewa kutoka fomu yenye kurasa nyingi. Wakati huu ambapo shule zinajaza fomu ya takwimu ya mwaka, ile ya ST2, sisi wa ofisi ya elimu tumeona inafaa kueleza jinsi namba hizo zinavyosomwa.

Tuchukue mfano wa shule mbili za kubuni. Ya kwanza imepeleka watahiniwa 40 na 36 wamefaulu, yaani asilimia 90. Ya pili imepeleka 110 na 88 wamefaulu, yaani asilimia 80. Mtaani hukumu imekwisha kutolewa. Sisi tunafungua rejista ya mwaka uliotangulia, na tunakuta kwamba shule ya kwanza ilikuwa na wanafunzi 75 katika darasa la tano: 35 kati yao waliambiwa warudilie darasa au wakatafute shule nyingine, ili wasiharibu matokeo. Shule ya pili ilikuwa na 114 na ikawapandisha karibu wote. Ukiwahesabu waliofaulu juu ya wale waliokuwa darasa la tano, shule ya kwanza inashuka hadi asilimia 48 na ya pili inabaki na 77. Shule inayochuja watoto kabla ya mtihani haijawafundisha vizuri zaidi, imewapunguza tu, na inasikitisha kuona wazazi wakiipigia makofi.

Sura ya wanafunzi wenyewe nayo imebadilika. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma, lakini utekelezaji wake kwa nchi nzima ulianza Septemba 2019. Tangu hapo watoto wengi walitoka shule za binafsi, na wengine waliokuwa nyumbani kwa kukosa mafranga wakaandikishwa kwa mara ya kwanza, baadhi yao wakiwa na miaka kumi au zaidi katika darasa la kwanza. Madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo. Kulinganisha wastani wa darasa lililojaa hivyo na wastani wa kabla ya 2019, kisha kusema walimu wamekuwa wavivu, si haki. Kuna pia jambo la lugha: katika madarasa mawili ya mwanzo mtoto wa hapa hufundishwa kwa Kiswahili, na mtoto aliyefika karibuni kutoka Kasai, ambako husemwa Tshiluba, anaweza kuhitaji muda kabla ya alama zake kuonyesha akili yake.

Wengine hutucheka wakisikia kwamba kiwango ghafi cha uandikishaji kinaweza kupita asilimia 100. Hakuna muujiza hapo. Tunahesabu wanafunzi wote wa shule ya msingi, wa umri wowote, kisha tunawagawanya kwa idadi ya watoto wote wenye miaka 6 hadi 11. Wenye miaka 13 na 14 wakiwa wengi darasani, hesabu inapita mia. Isitoshe, sensa ya mwisho ya watu wote nchini ilifanyika 1984, kwa hiyo idadi tunayogawanyia ni makadirio.

Ndiyo maana umri wa mtoto una uzito, na hapo wazazi hawatusaidii. Tumeona ukurasa wa rejista ambapo mwaka wa kuzaliwa umefutwa mpaka karatasi ikatoboka, kisha mwaka mwingine ukaandikwa pembeni kwa bic ya rangi nyingine, kwa sababu mama alikuja kuomba mtoto «apunguzwe» miaka miwili. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto kwa ofisa wa hali ya kiraia wa komini (manispaa). Muda huo ukipita, mzazi anaomba hukumu katika mahakama ya watoto. Akiipata, anaipeleka komini, mtoto anaandikwa katika daftari, na hapo ndipo cheti kinatolewa. Karatasi ya shefu wa kartiye (mtaa) haichukui nafasi ya cheti hicho. Na anayebadilisha tarehe kwa kusudi la kudanganya, awe mzazi, karani au mkurugenzi, ajue kwamba ibara ya 124 ya kanuni ya adhabu inatoa kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano kwa kughushi maandishi, pamoja na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Mkurugenzi anayeongeza majina ya watoto wasiokuwepo ili apewe walimu zaidi anaweza pia kupewa adhabu za kikazi, kuanzia onyo hadi kufukuzwa.

Kuhusu asili ya mtoto tutasema kwa kifupi. Ibara ya 45 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuingia katika shule za nchi bila ubaguzi wa mahali anapotoka, dini au jinsia, na hakuna mkurugenzi anayeweza kutumia takwimu kumkataa mtoto.

Mzazi ambaye bado ana shaka juu ya matokeo aanze kwa mkurugenzi, aombe kuonyeshwa idadi ya walioandikishwa, waliorudilia, walioacha na waliofanya mtihani, wavulana kwa wasichana. Asiporidhika, aende kwa komite ya wazazi, kisha kwa suprovedi, yaani mkuu wa ofisi ya elimu ya eneo lake, akiwa na nakala ya buletini (ripoti ya alama) ya mtoto na barua inayotaja shule, darasa na mwaka wa masomo. Barua isiyo na sahihi haiandikwi katika daftari letu la barua zinazoingia, na malalamiko ya simu hatuyafungulii faili.