Hati safi na rafu tupu: dhana potofu kuhusu ukaguzi wa hospitali za umma

Kila mwaka ifikapo Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinapowasilishwa bungeni Dodoma, mazungumzo kuhusu hospitali zetu hupamba moto kwa siku chache kisha hupoa. Katika siku hizo husemwa mengi yasiyo sahihi, na madhara yake huonekana vijijini: mwananchi asiyejua ukaguzi unapima nini hajui amuulize nani anapokosa dawa, na mtumishi mwaminifu wa zahanati huishia kubeba lawama ya jambo lililoamuliwa mbali na dirisha lake. Nimekaa miaka kadhaa katika kamati ya usimamizi ya zahanati ya kijiji, nikipitia hati za malipo na kuhesabu makopo ya vidonge stoo, na dhana ninazozieleza hapa ndizo nilizozisikia mara nyingi zaidi.

"Halmashauri imepata hati safi, kwa hiyo hospitali yake inaendeshwa vizuri"

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Hati inayoridhisha, ambayo watu wameizoea kwa jina la hati safi, ni maoni ya mkaguzi kuhusu jambo moja tu: kwamba taarifa za fedha za mwaka ulioishia tarehe 30 Juni zimeandaliwa kwa kufuata viwango vya uhasibu na hazina kasoro kubwa kiasi cha kumpotosha anayezisoma. Mkaguzi anayetoa hati hiyo hajasema kwamba dawa zilinunuliwa kwa bei nzuri, wala kwamba mashine ya eksirei iliyoorodheshwa kwenye daftari la mali inafanya kazi. Halmashauri ikinunua mashine kwa kufuata taratibu, ikailipia, ikaiandika kwa thamani yake sahihi, kisha ikaiacha ndani ya sanduku mwaka mzima kwa sababu chumba chake hakijaingizwa umeme, mkaguzi anaweza kuliandikia hoja jambo hilo na bado hesabu zikapata hati safi, huku mgonjwa aliyevunjika mguu akisafirishwa hadi hospitali ya mkoa kwa gharama ya familia yake.

Swali la kama fedha zimezaa huduma lina ukaguzi wake, nao ni ukaguzi wa ufanisi. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inampa CAG mamlaka ya kuufanya, na ripoti zake hutolewa kando ya zile za fedha. Anayetaka kujua hali ya hospitali aanzie huko. Kusoma orodha ya hati pekee ni sawa na kumpima mgonjwa kwa kuangalia usafi wa faili lake.

"Hoja ya ukaguzi maana yake ni wizi"

Hoja ni jambo ambalo mkaguzi ameliona na anataka lielezwe au lirekebishwe. Zipo hoja zinazoashiria wizi, na zinastahili hasira ya umma. Zipo pia hoja za hati ya malipo isiyoambatishwa risiti, za matumizi yaliyoandikwa kwenye kasma, yaani fungu la bajeti, isiyohusika, na za dawa zilizoisha muda wake ambazo zimerundikwa kwenye kona ya stoo zikisubiri kuteketezwa.

Tuchukue madai ya bima, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi za hospitali hupotea bila mtu yeyote kuingiza mkono mfukoni. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anapotibiwa, hospitali hutoa vipimo na dawa kwanza, kisha hujaza fomu na kupeleka madai ili ilipwe. Niliwahi kuonyeshwa fomu iliyorudishwa. Jina la mwanachama lilikuwepo, namba ya kadi ilikuwepo, vipimo viwili na dawa tatu vilikuwa vimeandikwa pamoja na bei zake. Ila mahali pa saini ya mgonjwa palikuwa patupu, na kwenye nafasi ya ugonjwa palikuwa na kifupisho ambacho mhasibu, muuguzi na daktari mwingine walishindwa kukisoma. Fomu ya namna hiyo hukataliwa. Hakuna aliyeiba hata shilingi moja, lakini dawa zimeshamezwa, fedha hazitarudi, na agizo linalofuata la dawa litapungua kwa kiasi hicho hicho. Mkaguzi anapoandika kwamba hospitali imepoteza mapato kutokana na madai yaliyokataliwa, mara nyingi anazungumzia fomu kama hii, na tiba yake ni kumweka mtu wa kupitia kila karatasi kabla haijatoka hospitalini.

Udanganyifu nao upo: kadi ya mtu mmoja kutumiwa na mwingine, au huduma ambayo haikutolewa kudaiwa malipo. Hilo ni kosa la jinai. Kuliweka kapu moja na saini iliyosahauliwa kunawapa wezi wa kweli mahali pa kujificha, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya watumishi wengi kuuogopa ukaguzi badala ya kuutumia.

"CAG amewaona, mbona hawafungi?"

Si kazi yake. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, CAG hukagua na kuwasilisha taarifa kwa Rais, nayo hufikishwa bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita maafisa masuuli, yaani watendaji wakuu wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, kujieleza. Akikuta viashiria vya jinai, huvijulisha vyombo vya uchunguzi. Kushtaki na kuhukumu ni mamlaka ya wengine. Penye udhaifu ni kwenye utekelezaji. Ripoti zenyewe zina sehemu inayofuatilia mapendekezo ya miaka ya nyuma, na ningewasihi waandishi wa habari waifungue sehemu hiyo kabla ya kurasa za hoja mpya, kwa kuwa hoja inayorudi mwaka wa tatu mfululizo inaeleza mengi kuhusu uongozi wa taasisi kuliko hoja mpya kumi.

"Huduma ya mama na mtoto ni bure, kwa hiyo haina gharama"

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, na sera iliwasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa baadhi ya magonjwa, kifua kikuu na ukoma yakiwa miongoni mwake. Msamaha huo ni jambo jema na ninautetea. Hata hivyo, unachoondoa ni malipo ya dirishani. Bei ya glavu iko palepale, na lazima ilipwe na bajeti ya serikali, na Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wahisani, au na wagonjwa wengine wanaochangia. Fedha hizo zikichelewa, ndipo mama mjamzito anapoambiwa aje na glavu, pamba, nyembe na kibanio cha kitovu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba misamaha isiyoandikwa huharibu picha nzima. Kituo kinachosamehe bila kuorodhesha huonekana vitabuni kama kituo kilichotumia dawa nyingi na kukusanya kidogo, na hapo mkaguzi ana kila sababu ya kuuliza dawa zimekwenda wapi.

"Dawa zikikosekana, mganga ameziuza"

Wapo waliouza, nami siwatetei. Lakini dawa hupita safari ndefu kabla ya kufika rafuni. Kituo huandaa mahitaji na kuyaagiza Bohari ya Dawa, MSD, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari isipokuwa na dawa husika, kituo kinatakiwa kupata uthibitisho wa maandishi kwamba haipo, kisha ndipo kinunue kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa, aliyeidhinishwa katika mkoa, utaratibu uliojaribiwa Dodoma kuanzia mwaka 2014 kabla ya kusambazwa mikoa mingine. Karatasi moja ikikwama katika safari hiyo, wiki kadhaa hupita rafu ikiwa tupu na mganga mfawidhi akitukanwa.

Siku moja kamati yetu ilihesabu dripu. Kadi ya stoo ilisema chupa kumi na mbili, rafuni tukakuta saba. Wajumbe wawili walitaka polisi waitwe palepale. Tulifungua rejista ya wazazi, na humo tukaona kwamba usiku wa Jumamosi iliyopita mama mmoja alivuja damu sana baada ya kujifungua, na muuguzi aliyekuwa zamu peke yake alichukua chupa tatu bila kugusa kadi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi kubwa zaidi ya kushika kalamu. Tatu zikapata maelezo. Mbili hazikupata, na tukaandika hivyo hivyo kwenye muhtasari wa kikao bila kuzifunika. Ukaguzi wa kweli unafanana na hesabu ile: kadi, rafu na rejista vinasomwa pamoja, na kile kisichoeleweka kinabaki kimeandikwa kwamba hakieleweki.

"Kiongozi akishtukiza hospitalini, ukaguzi umefanyika"

Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi. Bodi ilivunjwa, uongozi ukabadilishwa, na fedha zilizokusudiwa kwa hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda. Ziara ile iliwapa wananchi imani kwamba shida yao imeonekana, na hilo lina thamani yake. Hata hivyo, ziara huona kilichopo siku hiyo. Kitanda hununuliwa kwa wiki moja, lakini mashine ya MRI inahitaji mkataba wa matengenezo unaolipwa kila mwaka, na mkataba huo hauonekani wodini. Unaonekana kwenye bajeti na kwenye orodha ya madeni.

"Zahanati yetu ni ya Wizara ya Afya"

Wizara hutunga sera na miongozo, na husimamia hospitali za rufaa za mikoa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya halmashauri, kupitia TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa hiyo hoja za zahanati yako zitafute kwenye ripoti ya Serikali za Mitaa. Za Bima na Bohari ya Dawa ziko kwenye ripoti ya mashirika ya umma.

"Ukaguzi ni mambo ya wakubwa"

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya kutolea huduma, na kamati ya usimamizi, yenye wajumbe wanaotokana na wananchi, ndiyo inayojadili mpango na matumizi. Mkazi wa kijiji hahitaji kusubiri Aprili. Anaweza kwenda kwa mwenyekiti wa kamati na kuomba taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, au kusimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kutaja dawa moja tu, akauliza agizo lake la mwisho lilipelekwa tarehe ngapi, Bohari ilijibu nini, na kadi yake ya stoo inasomaje leo.