Karani akiandika --help anataka kujua nini?

Mtu anayeandika --help (neno la kuiomba programu ionyeshe maelezo ya matumizi yake) kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, huwa yuko katikati ya kazi na kuna kitu kimemkwamisha. Anatafuta mstari mmoja tu, auone, arudi alikotoka. Mstari huo ukimwambia "--muda: huweka muda", hajapata kitu ambacho jina la chaguo (neno la vistari linaloongezwa kwenye amri) lilikuwa halijamwambia.

Hapa Kigoma ninatunza programu ndogo inayopokea kumbukumbu za dagaa na migebuka wanaoshushwa mwaloni na kuzituma kwenye seva. Wanaoiendesha ni makarani. Wanaandika amri kwenye laptop pale Kibirizi, wateja wamewazunguka, mtandao unakuja na kuondoka. Kwa hiyo kila chaguo nalipima hivi: karani akiliacha, programu itafanya nini? Akiliweka, kitabadilika nini?

Tazama chaguo hilohilo la muda likiandikwa upya:

--subiri SEKUNDE
   Acha kutuma ikiwa seva haijajibu ndani ya sekunde hizi. Usipolitaja: 30. Ukiandika 0, itasubiri bila kikomo.

Neno SEKUNDE limekaa mahali pa thamani makusudi. Ningeandika NAMBA, karani angebaki anakisia. Na kukisia vipimo kunaponza hata mafundi: chaguo la -W la ping, amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu, kwenye Linux huhesabu sekunde, kwenye macOS huhesabu milisekunde. Amri ni ileile, herufi ni ileile, na aliyezoea Linux akihamia macOS anaweza kuona vifurushi vikionekana havijajibiwa bila kujua kwa nini. Ile sifuri nayo itajwe daima. Kuna programu ambazo sifuri ni "usisubiri kabisa" na nyingine ni "subiri milele". Kwa jina pekee huwezi kujua.

Kwetu kuna kipimo kimoja kinachohitaji uangalifu zaidi, nacho ni saa. Ukiandika "--saa: saa ya kutuma ripoti", karani ataweka 2, akimaanisha saa mbili asubuhi, samaki wameshapimwa. Programu itasoma 02:00, ambayo ni saa nane usiku, wavuvi wangali ziwani na taa zao. Hakuna atakayeona kosa, maana ripoti itakwenda kweli, ila itakwenda tupu. Ndiyo maana hapa sioni haya kuongeza mstari:

--saa HH:MM
   Saa ya kutuma ripoti kila siku, kwa mtindo wa saa 24. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa nane usiku ni 02:00.

Mfano mmoja wa namna hiyo unafanya kazi ya aya nzima. Usibane maneno mahali ambapo watu wawili wenye akili timamu wangeelewa tofauti.

Chaguo linalofuta kitu liseme linafuta upande gani. Fikiria --delete ya rsync, programu ya kunakili faili kutoka folda moja hadi nyingine: huondoa kule data zinakopelekwa faili ambazo hazipo kule zinakotoka. Mtu aliyegeuza folda mbili kwa bahati mbaya anaweza kufagia kumbukumbu za msimu mzima. Katika maelezo yangu, mstari wa chaguo la kufuta unataja pia chaguo la kujaribia bila kugusa kitu, hapohapo, wala simpi msomaji kazi ya kulitafuta chini.

Kwa wanaoandika programu kwa Python: thamani ya msingi, ile inayotumika chaguo lisipotajwa, msiiandike kwa mkono. Kwenye argparse, maktaba ya Python inayosoma machaguo, weka %(default)s ndani ya maelezo, nayo itachukua thamani iliyomo kwenye msimbo. Siku ukibadilisha 30 kuwa 60, maelezo yatabadilika yenyewe. Ila alama ya asilimia ya kawaida iandikwe mara mbili, %%, la sivyo programu inaweza kuanguka pale mtu anapoomba msaada. Sijui aibu kubwa kuliko hiyo.

Mabano ya mraba kwa kisicholazima na nukta tatu kwa kinachorudiwa vimeshazoeleka, usibuni vyako.

Mwisho, msaada ulioombwa utoke kwenye njia ya kawaida ya matokeo (stdout), ili mtu aweze kuupitisha kwenye less au grep, amri za kusoma na kutafuta maandishi, na programu imalize kwa msimbo 0, alama ya kwamba imefaulu. Makosa ya matumizi yaende njia ya makosa (stderr), kwa msimbo usio sifuri, na ujumbe ulitaje chaguo lililokosewa kwa jina. Kumwagia karani kurasa mbili za maelezo kwa sababu amesahau kistari kimoja ni kumzibia asione kosa lake.